Tanga hadi Mji wa Kale wa Mombasa: siku sita na roboti aitwaye Kaa

Nimeandika haya wiki mbili baada ya kurudi, nikiwa na daftari langu la safari, risiti nilizozikunja mfukoni na picha za simu za wenzangu. Tulikuwa saba: wanafunzi sita wa klabu ya roboti ya sekondari yetu hapa Tanga, wasichana wanne na wavulana wawili, pamoja na mwalimu mlezi. Mjomba wa mwenzetu mmoja anafundisha masomo ya ziada Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale wa Mombasa. Tangu Agosti alikuwa akituomba twende likizo ya Desemba tukakae na wanafunzi wake wa miaka 8 hadi 12, tuwaonyeshe mashine zinavyofikiri na zinavyotembea. Nauli tulichanga kwa miezi mitatu.

Jumatatu, 9 Desemba 2024. Tanga, Horohoro, Likoni

Tulikutana stendi saa 11 na nusu alfajiri, giza bado. Kwetu ilikuwa sikukuu ya Uhuru, abiria wachache, gari likachelewa kujaa. Tuliondoka saa 1 na dakika 20. Nauli hadi Horohoro, mpakani na Kenya, ilikuwa shilingi 6,000 kwa kila mmoja. Kondakta alitaka 5,000 nyingine za sanduku, mwalimu akamweleza lina nini, akashusha hadi 3,000 kwa sharti aonyeshwe picha ya roboti. Akaonyeshwa. Amboni, Duga, minazi, mikorosho, usingizi.

Sanduku hilo ndilo tulilolilinda kuliko mabegi yetu. Ndani alikuwamo Kaa, roboti wa magurudumu mawili tuliyemwunda mwaka jana, tukampa jina hilo kwa sababu siku ya kwanza alikwenda upande upande. Zilikuwamo pia bodi mbili za Arduino (kompyuta ndogo za kuendeshea roboti), mota, sensa, taa ndogo za LED, waya, rizista za kupunguza umeme, na seti ya gia na kapi za plastiki za kufundishia.

Mpakani ofisa wa ukaguzi, mzee mtaratibu mwenye miwani, alitandaza vitu vyetu vyote mezani na kushika orodha yetu. Orodha hiyo niliiandika mimi, kwa Kiingereza, maana ndivyo tunavyosoma fizikia. Betri 24 nilisahau kuziandika kabisa, na hapo ndipo tulipokwama. Ilibidi vitu vyote vihesabiwe upya, kimoja kimoja. Akaanza kuniuliza.

"Hii, binti, kwa Kiswahili yaitwaje?"

Mota. Waya. Gia. Sensa nikaieleza kuwa ni kijicho cha kupimia umbali, akatikisa kichwa, akaandika. Alipoinua kapi ya plastiki, neno likanipotea. Nikasema, "Kigurudumu cha kupitishia kamba." Akaningoja. Mwalimu, nyuma yangu, akasema polepole, "Roda. Darasa la tano." Kweli nilisoma darasa la tano, mchoro ulikuwa na ndoo na kisima. Nilijisikia vibaya kwa namna ambayo bado naikumbuka, kwa sababu nilikuwa nakwenda kufundisha watoto wasemao Kiswahili tangu kuzaliwa, na orodha yangu nzima haikuwa na neno lao hata moja.

Aliuliza pia kama tuna ndege isiyo na rubani. Hatukuwa nayo. Saa moja na nusu ilipita.

Kwa atakayepita na vifaa kama hivi: andika kila kitu kwa idadi, hata betri na skrubu, nakala mbili, na uombe nakala yako igongwe muhuri, kwa sababu utaihitaji wakati wa kurudi. Sisi tulikuwa na pasipoti, baadhi yetu hati za dharura, barua za wazazi kwa wasiofika miaka 18, na kadi za chanjo ya homa ya manjano. Vyote hivyo tuliulizwa. Fedha tulibadilisha hapo hapo: laki 3 za Tanzania zikatupa 15,000 za Kenya.

Lunga Lunga, upande wa Kenya, tulipanda matatu (kwetu daladala) hadi Likoni, 350 kwa kila mmoja na mizigo ikiwemo. Dereva alipoona tunavyolibembeleza sanduku, kwa wema wake akaliweka mbele, kati ya kiti chake na cha abiria, juu ya kifuniko cha injini, ili lisirukeruke nyuma. Tulimshukuru sana. Mashamba ya miwa ya Ramisi, Msambweni, foleni ndefu ya Ukunda, kisha Likoni na harufu ya bahari.

Feri kwa anayetembea kwa miguu ni bure. Kazi ni kuteremka ule mteremko katikati ya watu mamia na sanduku la kilo 14 begani. Hamali mmoja aliyekuwa na mkokoteni mtupu alisimama, hakuuliza kitu, akalichukua na kuliweka. Tulipovuka na kupanda upande wa kisiwani, mwalimu akatoa noti. Yule baba akarudisha mkono nyuma.

"Mwaja kusomesha watoto wetu, niwatozeje?"

Ndani ya feri tulisimama upande wa kushoto, tukaziona winchi kubwa za bandari ya Kilindini zikishusha makontena. Kilindini ni penye kilindi, maji marefu, ndiyo maana meli kubwa huingia. Mwenzetu mdogo kuliko sote alipiga picha nane za winchi zile kwa mbali tukiwa tayari juu barabarani, na picha hizo zilikuja kutufaa Ijumaa.

Kutoka feri hadi Kibokoni tulichukua tuktuk tatu (kwetu bajaji), 200 kila moja. Mama mwenyeji wetu alikuwa mlangoni. "Karibuni wanangu, ndooni ndani, mwaonekana mna ndaa." Kwao njoo ni ndoo, njaa ni ndaa, njia ni ndia. Tulimpa kanga tuliyomletea, akaifungua, akawaita majirani waje waone leso ya Tanga. Tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka.

Usiku tulipofungua sanduku tulinyamaza. Kiunzi cha Kaa, kile cha plastiki tulichokichapa kwa mashine ya kuchapa vitu, kilikuwa kimepinda kama ndizi. Plastiki ile ni PLA, ambayo huanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, na injini ya matatu ya saa mbili na ushee hufika hapo bila shida. Mota zilikuwa nzima, bodi ilikuwa nzima, lakini magurudumu yalitazama pande mbili tofauti. Basi, wasafiri, roboti ya plastiki ya kuchapwa isikae juu ya injini wala kwenye gari lililoachwa juani. Ipakate.

Jumanne, 10 Desemba. Ndia ya umeme

Mahamri na mbaazi asubuhi. Mahamri yalikuwa shilingi 10 kila moja kwa mama wa barazani, na nilikula sita.

Mjomba alituambia watoto 20. Walikuja 31, na mmoja alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni. Ukumbi ni chumba kirefu cha ghorofani chenye madirisha ya mbao yanayofunguka kwenye kichochoro, feni mbili, mikeka. Hatukuwa na roboti ya kuonyesha, kwa hiyo tukabadilisha mpango wote. Siku ya kwanza ikawa ya umeme mtupu: betri, taa, waya, karatasi ya fedha ya kufungia chakula.

Nilianza kwa kuandika ubaoni neno "sakiti". Nikaeleza kwamba umeme hutoka upande mmoja wa betri, hupita kwenye taa, na lazima urudi upande wa pili. Mguu mrefu wa taa ya LED huenda upande chanya, ukigeuza, haiwaki. Watoto wakaanza kuunga. Taa za makundi matano zikawaka, la sita haikuwaka. Nilikuwa nainama kuitazama, na mtoto wa kike mwenye shati la njano, miaka 9, akanitangulia. Alipitisha kidole juu ya karatasi ya fedha, polepole, akasimama.

"Dada, ndia imekatika hapa."

Palikuwa na mpasuko mdogo kama unywele. Akaukanda kwa kucha, taa ikawaka. Nilikwenda ubaoni, nikafuta neno langu, nikaandika "ndia ya umeme". Kutoka hapo hakuna mtoto aliyeuliza tena maana yake, kwa sababu kila mmoja anaijua ndia: ikikatika hupiti, ikiwa mbili wachagua, na ukienda sharti urudi.

Jaribio lililotuchukua muda mrefu kuliko yote lilikuwa la maji. Tulitumia betri ya volti 9, taa moja, rizista ya omu 330 na misumari miwili iliyotumbukizwa kwenye bilauri bila kugusana. Maji ya bahari walikwenda kuyateka wenyewe wakiwa na mwalimu. Yakaiwasha taa kwa nguvu. Ya kisima cha mtaani yakaiwasha pia, kwa mwanga wa wastani, na kabla sijafungua kinywa mvulana mmoja akasema, "Kisima chetu kina munyu." Munyu ni chumvi, na hapo alikuwa amemaliza somo. Ya chupa, wengi walisema haikuwaka. Mmoja akaifunika taa kwa viganja vyake viwili, akachungulia, akaapa kwamba kuna chembe ya mwanga. Tukachungulia sote kwa zamu. Ilikuwepo.

Kisha yule wa shati la njano akauliza, "Na dafu?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijawahi kujaribu. Mjomba akatuma mtu, dafu likaja kwa shilingi 60, likamiminwa, misumari ikaingia, taa ikawaka vizuri. Maji ya dafu yana chumvi za potasiamu, hilo nililijua kitabuni, lakini sikuwahi kulihusisha na waya. Dafu la jaribio halikunywewa. La pili lilinunuliwa likanywewa.

Ukifanya jaribio la maji ya bahari, fungua madirisha na usiache misumari humo zaidi ya dakika chache. Vipovu vinavyotoka kwenye misumari ni vya haidrojeni, na klorini kidogo yaweza kutoka pia, nayo si ya kuvuta puani.

Jioni mjomba alituchukua kwa fundi seremala anayechonga milango ya nakshi, karakana yake nyumba ya nne kutoka kwao. Tulimwonyesha kiunzi kilichopinda. Akakigeuza mara mbili, akauliza mota zinakaa wapi na uzito uko wapi, kisha akachukua kipande cha plaiwudi kutoka kwenye mabaki. Alipima kwa kidole gumba na rula ya bati. Ndani ya dakika 40 tulikuwa na kiunzi kipya, matundu manane mahali pake, pembe zimepigwa msasa. Na kwa kuwa mkono umezoea, akachonga ua dogo mbele. Tulipouliza bei akasema tumletee huyo mnyama akiwa anatembea, amwone.

Jumatano, 11 Desemba. Kaa anatembea

Watoto 34. Tulianza bila mashine: mtoto mmoja anafungwa kitambaa machoni, yeye ndiye roboti, wenzake wanamwongoza hadi kwenye mlango. Wakaanza kupiga kelele "Ndoo! Ndoo!" na roboti akawa anatembea bila kukoma hadi kwenye mkeka wa watu. Tukasimamisha. Hatua ngapi? Kuelekea wapi? Ukifika ufanye nini? Baada ya raundi tatu walikuwa wameandika amri zao wenyewe kwenye karatasi: mbele hatua 4, geuka mkono wa kulia, mbele hatua 2, simama. Hiyo ndiyo programu. Niliwaambia kwamba neno roboti lilitoka kwenye lugha ya Kicheki, na asili yake ni kazi ya kulazimishwa. Mtoto mmoja akauliza kama Kaa amelazimishwa. Mwalimu wetu alilijibu swali hilo kwa uzito wake, kwamba Kaa hana maumivu wala matakwa, na wenye jukumu ni wanaomwandikia amri.

Kaa mwenye mwili wa mbao alitembea mara ya kwanza saa 4 na robo. Alikuwa mzito zaidi. Tuna kumbukumbu ya zamani ya mita 3 kwa sekunde 9. Watoto walipima kwa saa ya simu wakapata sekunde 12. Wakabishana kwa nini, na sababu zote mbili walizozitoa, uzito na mkeka, zilikuwa za kweli. Wakampeleka kwenye sakafu tupu: sekunde 10.

Sensa yake hutoa mlio ambao masikio yetu hayausikii, hungoja mwangwi, kisha huhesabu muda. Nilikuwa nimeandaa mfano wa pomboo. Wao wakanipa wa popo, kwa sababu kila magharibi popo hupita juu ya mapaa yao na hawagongi kitu. Tukapiga hesabu kwa pamoja: ukuta ukiwa mita 1 mbele, sauti husafiri mita 2, kwenda na kurudi. Katika joto la Mombasa sauti hukimbia karibu mita 350 kwa sekunde. Kwa hiyo jibu hurudi chini ya sehemu 6 za elfu za sekunde. Mjomba alipiga makofi mara moja, akawaambia kufumba na kufumbua ni mbali sana hapo.

Saa 5 umeme wa mtaa ukakatika, feni zikasimama, joto likatuvamia. Kaa aliendelea, ana betri zake. Kwa ajili hiyo peke yake nashauri kila atakayefundisha asitegemee projekta wala kompyuta ya mezani. Tulikuwa na karatasi, kamba, betri, na tulimaliza somo.

Jioni tulimpeleka Kaa kwa seremala. Alimwacha atembee kwenye vumbi la mbao, naye Kaa akasimama mbele ya mguu wa fundi, umbali wa sentimita 15, kama tulivyomwandikia. Fundi alikaa kimya kidogo. Kisha akamwita mwanafunzi wake wa uchongaji aje aone. Pesa alikataa tena.

Chakula cha usiku kilikuwa viazi karai kwa ukwaju na mishikaki ya barabarani, 150 kwa mtu na kushiba.

Alhamisi, 12 Desemba. Bandari ya zamani

Sikukuu ya Jamhuri ya Kenya, hapakuwa na darasa. Tuliambiwa tusijaribu feri wala ufukwe wa Mama Ngina, watu ni wengi mno, tukatii. Tulitembea kwa miguu hadi Fort Jesus, ile ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo tangu 2011 imo katika Urithi wa Dunia. Foleni ilikuwa inazunguka ukuta. Tuliiangalia kwa nje na kuendelea.

Bandari ya zamani iko chini kidogo. Hapo barazani, karibu na muuza kahawa, tulimkuta mzee ambaye mjomba alitutambulisha kwake kama nahodha. Tukamwamkia, akaitikia marahaba mmoja mmoja, akatununulia kahawa chungu na kashata. Alipoambiwa tunafundisha watoto mashine, aliuliza mashine gani. Nikamwambia kesho tutafundisha roda.

"Roda ipi?"

Nikatoa ile kapi ya plastiki mfukoni. Akaishika, akaizungusha kwa ukucha, akanirudishia bila kuidharau. Kisha akainuka, akaenda kwenye chumba cha nyuma, akarudi na kitu cha mti cheusi, kizito, ukubwa wa nazi isiyofuliwa. Katikati kilikuwa na kigurudumu kilicholika na kamba.

"Hiki cha ndani ndicho roda. Kitu kizima ni gofia. Hukaa kwenye henza, kamba inayopandisha foromali, na foromali ndiyo iliyobeba tanga." Alikuwa akichora kwa kidole kwenye vumbi la baraza. "Jarari, kamba ya kuvutia, yapita hapa, yashuka kwenye abedari huku tini, yarudi juu. Tanga la jahazi hawalipandishi watu kumi na mbili kwa mikono mitupu. Lakini gofia haikupi bure, mwanangu. Itakudai kamba. Wataka kupandisha pima moja, utavuta pima mbili, tatu."

Niliyaandika yote daftarini, maneno na mchoro. Nilichokisoma kidato cha pili kwa fomula, kwamba nguvu ikipungua umbali huongezeka, kilikuwa hapa barazani kikiwa na jina la kila kamba. Nilimwomba aje darasani kesho. Alisema Ijumaa ni siku ya kuwahi msikitini, lakini atapita asubuhi.

Mchana wote uliobaki tulikuwa chumbani tukikata, tukitoboa na kupanga vifaa vya kesho.

Ijumaa, 13 Desemba. Winchi

Anayepanga kufundisha Mji wa Kale siku ya Ijumaa aanze saa 2 asubuhi na awe amemaliza saa 5. Baada ya hapo mtaa wote unajitayarisha kwa sala.

Tuliwaonyesha watoto picha nane za winchi za Kilindini, tukaweka mezani vijiti vya mianzi, kamba ya kitani, vifuniko vya chupa vilivyotobolewa katikati na kapi zetu za plastiki. Kazi yao: kuinua pakiti ya unga ya kilo 2 kwa kutumia chupa ya maji ya lita 1 peke yake. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kila mtoto aliona kwamba haiwezekani, na mmoja alisema kwa sauti.

Mzee nahodha aliingia wakati huo na gofia yake chini ya kwapa, akakaa kwenye kiti karibu na dirisha. Hakusema neno. Kundi la kwanza lilifunga kapi juu, wakapitisha kamba, unga upande huu na chupa upande ule. Chupa ikaning'inia tu, unga ukakaa mezani. Wakaangalia kiti cha dirishani. Mzee akainua gofia, akaishusha polepole hadi usawa wa magoti yake, akaiinua tena. Mara mbili alifanya hivyo.

Wa shati la njano (siku hiyo alivaa buibui dogo jeusi, lakini ni yule yule) akaelewa. Alifungua kapi kutoka juu, akaifunga kwenye unga wenyewe, ili ipande pamoja nao. Ncha moja ya kamba akaifunga kwenye mti wa juu, ncha ya pili akaipitisha kwenye kapi nyingine ya juu na kuning'iniza chupa. Tukashika pumzi. Chupa ikatikisika, haikushuka.

Hapo nilitaka kueleza msuguano. Mwalimu akanigusa bega nisiseme. Mtoto akachukua kikombe, akaongeza maji kwenye mfuko mdogo aliounga na chupa, kidogo kidogo, akihesabu. Kikombe cha kwanza, bado. Nusu ya pili, unga ukanyanyuka mezani, taratibu, ukaning'inia. Chumba kizima kilipiga kelele hadi watu wa kichochoroni wakatazama juu.

Tukapima kwa rula. Unga ulipanda sentimita 30, chupa ilikuwa imeshuka 60.

"Imedai kamba," akasema mzee kutoka dirishani, na watoto wakarudia baada yake, imedai kamba, imedai kamba. Yale maji ya ziada wakayaita ushuru wa roda, kwa sababu kigurudumu kikisuguana nacho hutaka chake. Sikusahihisha.

Makundi mengine manne yalifaulu kabla ya saa 5. Moja lilitumia vifuniko vya chupa peke yake, na hao walilipa ushuru mkubwa zaidi, vikombe vitatu. Tulipaka mafuta ya nazi kwenye msumari wa katikati, ukashuka hadi viwili. Kila namba waliiandika ukutani kwa chaki, na mjomba amekataa isifutwe.

Baada ya sala tulikula biriani kwa mama mwenyeji, sinia mbili, na achari ya maembe iliyotutoa machozi. Tulimwachia mjomba bodi moja ya Arduino, taa, waya na kapi zote za plastiki. Kaa tuliwaachia watoto pia. Kura ilipigwa usiku tukiwa kwenye mikeka, sita kwa sifuri. Mwili wake umetoka mtaani kwao, na ua la fundi linajulikana pale.

Jumamosi, 14 Desemba. Kurudi

Mzee nahodha alikuja mlangoni kabla ya saa 1. Alinipa gofia ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Nilimwambia siwezi kuichukua. Akasema jahazi lake liliuzwa siku nyingi, na kitu kisicho na kamba hukauka. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Tuktuk, feri, matatu, jua. Kwa jumla kila mmoja wetu alitumia kama shilingi 75,000 za Tanzania kwa nauli na chakula cha njiani kwa siku zote sita. Malazi na milo ya nyumbani hatukulipa, na mama mwenyeji alikasirika mwalimu alipogusia.

Mpakani safari hii tulihudumiwa upande wa Horohoro. Sanduku lilikuwa jepesi. Ofisa, dada wa makamo, alishika orodha yetu yenye muhuri, akaenda nayo mstari kwa mstari: hivi vimebaki Mombasa, zawadi, barua ya mjomba hii hapa. Kisha akafungua gazeti.

"Hii haimo kwenye orodha."

"Ni gofia, dada. Tumepewa na mzee wa jahazi."

Aliiinua, akaitazama kwenye mwanga wa mlango, akazungusha roda kwa kidole gumba. Ikalia kidogo. Akasema babu yake alikuwa mvuvi wa Moa, na moja kama hiyo ilikuwa ikining'inia jikoni kwao, wakitundikia nyama. Akanisogezea orodha na kalamu yake. Chini ya mistari yangu yote ya Kiingereza nikaandika: gofia 1, ya mti, roda yake nzima.